Maabara Iende Kondeni, Jibu Libaki Visiwani

Mpunga huonyesha mavuno yake juu ya ardhi, na mkarafuu huyaonyesha matawini; lakini muhogo huyaficha mavuno yake chini ya udongo. Mkulima huchagua vijiti vyake, akavipanda, akapalilia, akayaangalia majani ya kijani kwa miezi tisa, pengine hata mwaka mzima, na ni siku ya kung'oa ndipo anapojua kama muda wote huo alikuwa akilea chakula au alikuwa akilea maradhi.

Maradhi tunayoyakusudia ni yale ya michirizi ya kahawia, ambayo baadhi ya wakulima wetu huyaita kensa ya muhogo. Majani ya mmea ulioambukizwa huweza kuonyesha umanjano hafifu kandokando ya mishipa yake, hasa yale majani ya chini ambayo hata hivyo hupukutika kwa uzee. Na mara nyingine hayaonyeshi kitu. Huku chini, mzizi una mabaka ya kahawia, mkavu na mgumu kama kizibo cha chupa, haupikiki wala hauuziki. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Katika jambo hili mkulima hakuficha kitu. Aliyeficha ni mmea, na anayeumbuka ni mwenye konde.

Tumeanza na habari ya konde kwa makusudi, kwa sababu leo tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo kwa jina lake laweza kuonekana liko mbali na maisha ya mwananchi wa kawaida. Jambo lenyewe ni maabara za kuhama, yaani vyombo vya kupimia udongo, mimea na wanyama ambavyo hubebwa hadi porini au kondeni, vikafanya kazi huko huko, badala ya kungoja vitu vipelekwe mjini. Maoni yetu ni mamoja. Katika nchi ya visiwa, utafiti wa ardhi na viumbe vya nchi kavu utamfaa mwananchi pale jibu litakapopatikana mahali lilipoulizwa swali, wakati swali lingali na maana, na kisha likabaki mikononi mwa wenyewe.

SAFARI YA JANI MOJA

Hebu tulifuate jani moja la muhogo lenye shaka. Bwana shamba analichuma, analitia katika bahasha, anaandika jina la mwenye konde na shehia. Kama konde liko Pemba, na kipimo kinachohitajika hakifanyiki huko, bahasha itangoja gari, itangoja meli, itavuka hadi Unguja, na pengine itavuka tena hadi bara au ng'ambo kabisa. Ikifika, itangoja foleni yake. Hakuna katika mlolongo huo aliyefanya kosa. Kila mmoja ametimiza wajibu wake. Lakini msimu haungoji foleni. Mvua zikianguka mkulima hupanda, na atapanda vijiti alivyonavyo, vizima au vigonjwa.

Tena jani lenyewe haliwi lile lile. Virusi vya michirizi ya kahawia vimeundwa kwa aina ya vinasaba ambayo huharibika upesi vikikaa katika joto bila ya hifadhi nzuri. Jani lililokaa siku nyingi katika bahasha yenye unyevu laweza kufika maabara halina tena ushahidi wa maradhi yaliyomo kondeni. Udongo nao ni vivyo hivyo. Ukitiwa mfukoni ungali na unyevu, vijidudu vilivyomo huendelea na kazi yao, na hesabu ya mbolea ya asili itakayopatikana mwishoni si ile iliyokuwapo siku ya kuchota.

Na kuna vitu ambavyo havibebeki kabisa. Udongo wa msitu hupumua, na jani lililo juu ya mti hupumua pia. Wataalamu huipima pumzi hiyo kwa kufunika kisanduku kisichokuwa na kitako juu ya ardhi kwa dakika chache, au kwa kulibana jani likiwa bado mtini, huku chombo kidogo kikihesabu kwa mwanga usioonekana na macho ni hewa ya ukaa kiasi gani inayotoka au kuingia. Kipimo hicho ndicho kinachotuambia kama msitu unajenga mwili wake au unakonda. Hakuna bahasha ya kuchukulia pumzi ya msitu. Anayetaka kuijua hana budi kuchukua chombo na kuufuata msitu ulipo.

KUTOKA AMANI HADI CHINI YA MTI

Historia ya muhogo katika sehemu hii ya Afrika inatufunza thamani ya wakati. Maradhi ya batobato, ambayo huyakunja na kuyatia mabaka majani ya muhogo, yaliandikwa kwa mara ya kwanza na wataalamu mwaka 1894 katika ile iliyokuwa koloni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo huko Amani, katika milima ya Usambara. Ni mwaka 1936 ndipo mtaalamu H. H. Storey, aliyefanya kazi Amani wakati wa utawala wa Waingereza, alipoandika kwamba michirizi ya kahawia ni maradhi mengine mbali na batobato. Baina ya miaka hiyo miwili, 1894 na 1936, ni miaka 42.

Hatusemi hivi kwa kuwadharau waliotangulia. Kazi ya Amani ya kuuchanganya muhogo na jamaa zake wa mwituni ili kupata aina zenye kustahimili maradhi ilikuwa kazi kubwa, na matunda yake yameonekana hadi zama zetu. Lakini Amani iko juu milimani, ilhali michirizi ya kahawia ilistawi zaidi katika nchi ya chini ya pwani. Maabara ilikuwa mahali pamoja, na maradhi mahali pengine.

Sasa tazama mabadiliko yaliyotokea. Mwaka 2019 kundi la wanasayansi, miongoni mwao wakiwamo Watanzania, Waganda na Wakenya, lilichapisha habari za kazi waliyoifanya katika makonde matatu ya wakulima wadogo, moja Tanzania, moja Uganda na moja Kenya. Waliipa kazi hiyo jina ambalo kwa lugha yetu ni Maabara ya Mtini. Vyombo vyao vyote vilitumia betri. Hawakuwa na umeme wa gridi, hawakutegemea mtandao, na joto la mchana lilikuwa lile lile linalomkuta mkulima. Walichukua majani, mashina, mizizi na wadudu, wakavipima hapo hapo, wakavikuta virusi vya batobato. Tangu kuingia kondeni hadi kupata jibu la awali zilipita saa zisizofika tatu.

Chombo kikuu katika kazi hiyo huitwa MinION. Hukaa kiganjani, na uzito wake haufiki robo ya kilo. Ndani yake mna utando wenye matundu madogo mno, na mkondo wa umeme hupita katika matundu hayo. Uzi wa vinasaba unapopenya tundu, huutikisa ule mkondo. Kila sehemu ya uzi huutikisa kwa namna yake, na kompyuta huisoma mitikisiko hiyo kama msomaji anavyosoma herufi. Chombo hicho kilianza kutolewa kwa watafiti mwaka 2014. Mwaka 2015 kilipelekwa Guinea wakati wa maradhi ya Ebola, na vifaa vyote vya maabara hiyo vilisafirishwa katika mizigo ya abiria isiyofika kilo 50. Sampuli 142 zilisomwa huko. Mwaka 2016 kikatumika katika kituo cha anga kinachoizunguka dunia. Na katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, wanasayansi walikitumia katika msitu wa mvua wa Ecuador kutambua viumbe wa huko katika muda usiozidi siku moja tangu kuwakusanya.

Ikiwa chombo kimefanya kazi angani na katika msitu wa Ecuador, hatuoni kwa nini kisifanye kazi Makunduchi au Micheweni.

VISIWA SI BARA

Hata hivyo, si kila maabara ya kuhama inafaa kila mahali, na hapa twapenda kuwazindua wakubwa wetu. Linapotajwa neno hili wengi hufikiri gari kubwa lenye chumba mgongoni, mashine ya umeme na kiyoyozi. Magari ya aina hiyo yana kazi yake. Mwaka 2020 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilizigawia nchi wanachama maabara za kuhama zenye magari kwa ajili ya kupima maradhi ya kuambukiza, na katika nchi yenye barabara ndefu na mipaka mingi mpango huo una maana yake.

Lakini gari haliendi Kojani. Tumbatu hufikiwa kwa chombo cha baharini. Fundo ni hivyo hivyo. Ardhi ya maweni ya mashariki na kusini ya Unguja ina njia za miguu ambazo hata baiskeli huzipita kwa shida. Maabara inayotufaa ni ile inayoweza kutiwa katika masanduku manne au matano yasiyoingia maji, ikapakiwa katika mashua, ikashushwa ufukweni, ikabebwa na vijana wawili hadi chini ya mwembe. Chanzo chake cha nguvu kiwe betri inayojazwa na jua, ambalo kwetu halina uhaba.

Wala si lazima masanduku yote yawe na vyombo vya bei kubwa. Chombo cha kupimia chumvi katika maji na udongo hutoa jibu kwa dakika chache, na ni kidogo kama kalamu nene. Kuna kipimo kilichobuniwa Japan na kuchapishwa mwaka 2000, ambacho huvizidisha vinasaba vya maradhi katika joto moja lisilobadilika, kati ya nyuzi 60 na 65, na katika muda wa saa moja hivi jibu laweza kuonekana kwa rangi ya maji katika kichupa. Iko pia programu ya simu iitwayo Nuru, ambayo mkulima huielekeza kwenye jani la muhogo ikamwambia inashuku ugonjwa gani, hata pasipo na mtandao. Programu hiyo ni msaada mkubwa, ila inaona kile kinachoonekana. Pale mmea unapoficha, jicho la simu hudanganyika kama jicho la mkulima, na hapo ndipo kipimo cha vinasaba kinapohitajika.

SI MUHOGO PEKE YAKE

Tungekuwa tumekosea kama msomaji angedhani kwamba maabara ya masanduku ni ya wakulima wa muhogo tu. Visiwa vyetu ni vidogo, na katika udogo huo mambo yamekaribiana sana. Msitu umepakana na konde, konde limepakana na bonde la mpunga, na bonde limepakana na bahari.

Katika mabonde kadhaa, hasa Pemba, maji ya bahari yamekuwa yakiingia katika mashamba ya mpunga. Mpunga ni mmea usiopenda chumvi. Mavuno yake huanza kushuka chumvi ikiwa bado kidogo, kabla hata mkulima hajaionja maji yakamkera. Yakipimwa maji ya bonde kila mwezi, na hesabu ikaandikwa, watu watajua chumvi imefika wapi, inapanda au inashuka, na tuta lijengwe upande gani. Yasipopimwa, tuta litajengwa kwa kukisia, na kukisia kuna gharama.

Katika Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004, anaishi kima punju, mnyama ambaye asili yake haiko mahali pengine popote duniani ila Unguja. Kwa miaka mingi wakulima waliopakana na msitu huo walilalamika kwamba kima wanawamalizia nazi changa. Serikali ilisema mnyama ahifadhiwe. Wananchi walisema wanaumia. Watafiti wawili waliamua kuhesabu. Walihesabu nazi changa zilizoliwa na nazi zilizovunwa, na katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999 walionyesha kwamba minazi iliyoliwa zaidi na kima haikutoa mavuno machache. Mavuno yalielekea kuwa mazuri zaidi, pengine kwa sababu kupunguzwa kwa nazi changa kunazipa zilizobaki nafasi ya kukomaa.

Hatusemi kwamba kila lalamiko la mwananchi ni la uongo. Tunasema kwamba ugomvi wa namna hiyo hauwezi kuamuliwa ofisini, wala hauwezi kuamuliwa kwa sauti kubwa. Huamuliwa kwa kuhesabu mahali penyewe, mbele ya wahusika. Na hesabu huweza kuleta habari njema isiyotarajiwa. Sensa ya kima punju iliyochapishwa mwaka 2019 ilionyesha kwamba wako zaidi ya 5,800, zaidi ya mara tatu ya walivyodhaniwa hapo kabla. Aliyedhani wamebaki wachache mno na aliyedhani ni wengi kupita kiasi wote wawili sasa wana jambo la kulitegemea.

Kinyesi cha kima, kikisomwa vinasaba vyake, huweza kueleza mnyama amekula majani ya mti gani na ana minyoo gani tumboni, bila ya kumkamata wala kumtia hofu. Katika msitu wa Ngezi huko Pemba, ambako umo mpapindi usioota mwituni kwengine ila kisiwani humo, na ambako popo wa Pemba hueneza mbegu za miti ya matunda, njia kama hizo zingeweza kutuambia nani anapanda msitu na nani anautegemea. Na mikarafuu? Wazee wetu wanakumbuka habari za kifo cha ghafla, mti uliokuwa na majani jana ukawa kuni leo. Katika miaka ya 1940 na 1950 wataalamu walikaa visiwani humu wakichunguza maradhi hayo hadi wakayahusisha na aina ya kuvu inayoushambulia mti. Zao lililotulea kwa vizazi halistahili kungoja miaka namna hiyo tena mti wake ukianza kukauka.

YAPO YA KUANGALIA

Baada ya kusifu, hatuna budi kusema na upande wa pili, kwani sifa peke yake imeshawahi kujaza maghala kwa mitambo isiyotumika.

Kwanza, chombo ni rahisi kununua kuliko kukilisha. Dawa za kupimia, ambazo wataalamu huziita vitendanishi, huagizwa kutoka nje, nyingi zinataka baridi, na zina tarehe ya mwisho. Kisahani kimoja cha kusomea vinasaba hugharimu mamia ya dola na hakidumu milele. Mpango wa ununuzi usiokuwa na fungu la kila mwaka la vitendanishi ni mpango wa kununua mapambo ya kabati. Ni afadhali kuanza na vyombo vya chumvi na tindikali ya udongo vinavyofanya kazi kila wiki, kuliko kuanza na chombo cha fahari kinachofanya kazi siku ya uzinduzi.

Pili, maabara ya kuhama haiondoi haja ya maabara ya kudumu. Jibu la kondeni ni jibu la awali. Linatosha kumwambia mkulima asivirudishe vijiti fulani ardhini, lakini halitoshi kila mara kutangaza kwamba maradhi mapya yameingia nchini. Lazima kuwepo na mahali pa kuthibitisha, pa kuhifadhi sampuli, na pa kuvifanyia vyombo vyenyewe majaribio ili visiseme uongo. Taasisi ya Utafiti wa Kilimo iliyoko Kizimbani, na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ni sehemu ambazo kwa akili ya kawaida zingekuwa nguzo za kazi hiyo.

Tatu, na hili ndilo kubwa kwa mkulima, jibu lisilofuatwa na kitu ni huzuni tupu. Muhogo ulioambukizwa hauna dawa. Kumwambia mama wa Tumbatu kwamba konde lake zima lina maradhi, kisha tukafunga masanduku yetu tukaondoka na maji kujaa, ni kumwongezea mzigo. Maabara ikitangulia, vijiti safi vifuate nyuma. Mwaka 2007 visiwa vyetu viliidhinisha aina nne za muhogo zenye kustahimili maradhi, zikapewa majina ya Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui, majina ya vijiji vyetu wenyewe. Huo ni ushahidi kwamba kazi ya kuzalisha mbegu bora tunaiweza. Lililobaki ni kuifunga kamba moja kazi ya kupima na kazi ya kugawa mbegu, ili anayepima asubuhi ajue mbegu iko wapi jioni.

JIBU NI LA NANI?

Kuna jambo la nne ambalo tumeliweka mwisho kwa sababu ya uzito wake. Visiwa hivi vimewapokea watafiti wengi kutoka ng'ambo, na kwa jumla tumewapokea kwa moyo mkunjufu. Methali yetu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini methali hiyo ina sharti ndani yake, nalo ni kwamba mwenyeji apone. Mgeni akija, akachota udongo, akachuma majani, akaokota kinyesi cha mnyama, akaondoka navyo, na kijiji kisisikie tena habari yake, mwenyeji hakupona kitu.

Ulimwengu umelitambua jambo hili. Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika mwaka 2014, nayo Tanzania imo, imeweka msingi kwamba anayetumia mali ya asili ya nchi nyingine apate ridhaa kwanza, na faida igawanywe kwa haki. Sheria ni nzuri. Lakini sheria peke yake haiwezi kuzuia bahasha. Kinachoweza kubadili mwenendo ni kuwa na vyombo na watu wetu. Siku ambayo jani linaweza kusomwa hapa hapa, haitakuwapo sababu ya kulisafirisha, na mgeni atakayekuja atakaa na vijana wetu chini ya mti mmoja, wakasoma jibu moja kwa wakati mmoja. Hapo mgeni ni mwenzetu katika kazi, na tunamkaribisha zaidi kuliko jana.

Na jibu lenyewe lazima lisemwe kwa lugha inayoeleweka. Jibu lililoandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu na kufungiwa katika jarida la ng'ambo, kwa mkulima wa Kojani halina tofauti na jibu ambalo halikupatikana. Twapendekeza kila kipimo kinachofanyika katika shehia kirudi kwa sheha kwa Kiswahili, katika ukurasa mmoja, kikieleza kilichopimwa, kilichoonekana, na kinachofaa kufanywa. Nakala ibaki katika daftari la visiwa, ili atakayekuja baada ya miaka ishirini ajue chumvi ilikuwa wapi na maradhi yalikuwa wapi.

RAI YETU

Kwa hiyo rai yetu kwa wanaohusika ni hii. Pawe na seti mbili za maabara ya masanduku, moja ya Unguja na moja ya Pemba, ili Pemba isiwe ni yenye kungoja meli. Zitumiwe kwa pamoja na wa kilimo, wa misitu na wa mazingira, kwani udongo ni mmoja na haujui mipaka ya idara. Wachaguliwe vijana wa kike na wa kiume waliomaliza skuli na vyuo vyetu, wafundishwe kuvitumia na kuvitengeneza, na wapewe ajira ya kazi hiyo badala ya kuwa wasaidizi wa kubeba mizigo ya wengine. Fungu la vitendanishi liwekwe katika makadirio ya kila mwaka. Na ratiba ya safari ifuate majira ya mkulima, isifuate majira ya semina.

Kwa wananchi nao tuna neno. Maabara ikija kijijini, isipokewe kama tamasha wala isiogopwe kama kodi. Mwenye konde amwonyeshe mpimaji mimea iliyokonda na iliyonawiri pia, aseme vijiti alivitoa wapi na nani mwengine alipewa. Mkulima anayeficha asili ya mbegu yake humnyima jirani yake nafasi ya kujikinga, kwani maradhi ya muhogo husafiri kwa njia mbili, kwa inzi weupe warukao na kwa vijiti tunavyogawana kwa wema. Inzi hatuwezi kumzuia, vijiti twaweza.

Na hapa ndipo tunaporudi kwa yule mkulima tuliyeanza naye. Siku yenye faida kubwa kwake ni ile ya kuchagua vijiti, miezi mingi kabla ya siku ya kung'oa. Akisimama kondeni asubuhi hiyo, panga mkononi, hajui shina hili ni zima au ni gonjwa, nusu siku ya kupima yaweza kumwokolea jasho la mwaka mzima. Ikiwa saa zisizofika tatu zimetosha chini ya mti wa mkulima mmoja wa bara, basi kilichobaki kwetu ni kuyavusha masanduku hayo bahari, na kuwaandaa vijana watakaoyafungua.